Kati ya Ukuta na Lami: Majibu kwa Wasomaji wa Lubumbashi Wanaotembea na Wanaoendesha Kinga (Baiskeli)

Barua za safari hii karibu zote zinazungumzia sehemu moja ya barabara: ukanda ule mwembamba unaoanzia ukuta wa parseli, yaani kiwanja, na kuishia kwenye lami. Hapo ndipo mtaro unapopita, ndipo mama anapopanga nyanya zake, ndipo gari linapoegeshwa, ndipo rundo la mchanga wa jirani linapokaa mwaka mzima. Na hapohapo ndipo watu wa mji huu wanapotakiwa kutembea. Tumejibu kwa vipimo. Mkazi anayefika ofisini na namba kwenye daftari ni vigumu kumrudisha nyumbani mikono mitupu.

Barabara yetu huku Katuba ilitiwa lami, tukafurahi. Sasa magari yanapita mbio mbele ya masomo (shule) ya watoto. Mistari myeupe ya kuvukia ilipakwa, ikafutika kabla mwaka haujaisha. Wazazi tunataka kujenga tuta, dodani, sisi wenyewe. Tuanzie wapi?
*Mama wa wanafunzi watatu, Katuba*

Mama, kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa simenti, pimeni mwendo wa magari. Ni kazi ya watu wawili na simu moja yenye saa ya kuhesabu sekunde. Pimeni mita 50 kwa kamba kando ya barabara, mtie alama ya chokaa mwanzo na mwisho. Mmoja anainua mkono gari linapogusa alama ya kwanza. Wa pili anahesabu mpaka linapogusa ya pili. Gawanyeni 180 kwa sekunde mlizopata, na jibu ndilo mwendo kwa kilometa kwa saa. Sekunde 6 ni kilometa 30, sekunde 4.5 ni 40, sekunde 3.6 ni 50, sekunde 3 ni 60. Chukueni magari 100, siku za kawaida za masomo, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi. Yapangeni kutoka lenye mbio zaidi kwenda la polepole, kisha mtazame la 15. Magari 85 kati ya 100 hayazidi mwendo wa hilo, na wahandisi wa barabara hutumia namba hiyo. Wapimaji wajifiche nyuma ya mti au kona ya ukuta: dereva akiona watu wenye daftari hupunguza mwendo, na kazi ya asubuhi nzima inaharibika.

Sasa fanyeni hesabu ya mtoto. Barabara ya upana wa mita 7, mtoto anayetembea mita 1 kwa sekunde anahitaji sekunde 7 kuivuka. Katika sekunde hizo 7, gari la kilometa 60 kwa saa linakula mita 117. La kilometa 30 linakula mita 58. Mtoto wa miaka saba hawezi kukadiria gari lililo mita 117 mbele yake, na haifai tumlaumu kwa hilo. Dereva naye akishtuka kwa mwendo wa 60 kwenye lami kavu anahitaji karibu mita 36 mpaka asimame. Kwa 30 anahitaji karibu 13. Mvua ikinyesha juu ya vumbi jekundu la mji wetu, mita hizo huongezeka sana. Ndiyo maana rangi peke yake haimlindi mtoto. Rangi inamwomba dereva apunguze. Umbo la barabara linamlazimisha.

Umbo tunalowashauri ni kivuko kilichoinuliwa: tuta pana lenye mgongo bapa, watoto wavuke juu yake. Sehemu bapa iwe na urefu wa mita 4 kwa kufuata barabara, kimo sentimita 10, na mteremko wa mita 1 kila upande. Gari dogo hulipita vizuri kwa kilometa 25 hadi 30. Kama teksi-basi na malori hupita hapo kwa wingi, ongezeni mteremko ufike mita 1.5.

Matuta mengi ya mitaani hujengwa kwa sentimita 50 za urefu na 20 za kimo, kama gogo lililolala njiani. Ubaya wake ni tatu kwa pamoja. Linavunja springi na kuumiza mgongo wa abiria wa nyuma. Pikipiki na kinga zinalikwepa kwa kupita pembeni, yaani mahali ambapo watoto wako. Na maji ya mvua yanazuiwa nyuma yake, yanakaa, yanaila lami. Msimu mmoja baadaye tuta limebaki na shimo mbele yake.

Kwa barabara ya mita 7, kivuko hicho kinameza zege, yaani beto, karibu mita za ujazo 3.7. Kwa kilo 350 za simenti kwa kila mita ya ujazo, hiyo ni mifuko 26 ya kilo 50. Ndani ya hesabu hiyo tumeweka mifereji miwili ya kuchimbwa kwenye lami, kina sentimita 5 na upana sentimita 30, pale miteremko inapoanza. Msiiruke hatua hiyo. Zege linaloisha kwa ncha nyembamba kama karatasi juu ya lami hupasuka ndani ya wiki chache chini ya matairi. Likizamishwa sentimita 5 linapata unene wa kushika. Jengeni nusu ya barabara kwanza, mwagilieni maji siku 7 bila gari kukanyaga, ndipo mwingie nusu ya pili. Kila upande tuta liishie kabla ya mtaro ili maji yapite, na nafasi hiyo ifunikwe kwa slabu watoto wasitumbukie. Pakeni pembetatu nyeupe kwenye miteremko, mweke kibao cha onyo mita 50 kabla. Tuta lisiloonekana usiku ni ajali nyingine mliyoitengeneza wenyewe.

Lakini msijenge bila karatasi. Andikeni barua pamoja na jedwali la vipimo vyenu, ipitie kwa chefu wa avenyu na chefu wa kartie, ifike kwa burgumestri, mkuu wa komine (sehemu ya mji). Nakala iende Office des Voiries et Drainage, inayoshughulikia barabara za mji na mitaro yake. Kama barabara yenu ni sehemu ya barabara ya taifa, wahusika ni Office des Routes. Rudini na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Tuta lililojengwa bila ruhusa linaweza kubomolewa siku yoyote, na mtu akianguka hapo mtaulizwa nyinyi.

Jambo moja halidai simenti hata kidogo: ondoeni magari yanayoegeshwa ndani ya mita 10 kabla ya kivuko. Mtoto anayechomoza nyuma ya basi dogo haonekani mpaka ameshafika katikati ya njia. Ndoo kubwa sita zilizojazwa mawe na kupakwa rangi nyeupe zinatosha kulinda nafasi hiyo, na zinaweza kuwekwa wiki hii.

Lubumbashi ni mji wa madini. Malori na magari yanaongezeka kila siku. Kwa nini gazeti lenu linataka kukata nafasi ya magari na kuwapa watu wa miguu? Maendeleo si gari?
*Mfanyabiashara, katikati ya mji*

Baba, tuchukue ukanda mmoja wa barabara wenye upana wa mita 3.5 na tuhesabu watu badala ya magari. Kipimo kinachotumiwa na wapangaji wa miji ni hiki: ukanda huo ukijaa magari mchanganyiko ya mjini hupitisha watu kama 2,000 kwa saa. Ukijaa baiskeli hupitisha kama 14,000. Ukijaa waenda kwa miguu, kama 19,000. Kwa hiyo anayetaka wateja wengi mbele ya duka lake ana sababu nzuri ya kupenda trotwari pana, yaani njia ya miguu kando ya barabara, maana anayetembea husimama akiona kitu, na mwenye gari huanza kwanza kutafuta pa kuliacha.

Kuhusu maendeleo: Uholanzi, nchi ambayo leo inasifiwa kwa baiskeli, ilikuwa tajiri na imejaa magari mnamo 1971, na mwaka huo barabara zake ziliua zaidi ya watu 3,000, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Wazazi waliingia barabarani kupinga. Njia za baiskeli mnazoziona kwenye picha zilikuja kwa sehemu kubwa baada ya hasira hiyo. Mji wa Houten ulipangwa hivi: magari yanazunguka kwa barabara ya nje, na baiskeli zinakata moja kwa moja hadi katikati. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, tangu 1974 hufunga baadhi ya barabara zake kubwa Jumapili ili watu watembee na kuendesha baiskeli. Leo mtandao huo unazidi kilometa 100.

Sisi tuna sababu yetu ya nyumbani pia. Mji huu, ulioanzishwa mnamo 1910, ulipangwa na Wabelgiji ili mtaa wa Wazungu na makao ya Waafrika vitenganishwe kwa ukanda mtupu, zone neutre. Mfanyakazi alitoka Kamalondo kwa miguu, akauvuka ukanda ule asubuhi na jioni, na hakuna aliyejali safari yake ilikuwa ndefu kiasi gani. Ukanda wenyewe umekwisha kujengwa. Fikra ya kwamba mguu wa mtu wa kawaida unaweza kungoja imebaki ndani ya barabara zetu, na tunaona ni wakati wa kuiondoa.

Karibu na soko, mtaro wetu uko wazi: upana sentimita 60, kina kama mita moja, kuta za mawe. Usiku watu wanatumbukia. Tuko familia kumi na tuna mita 15 za mtaro mbele yetu. Tukiufunika tutapata trotwari? Tununue nini?
*Kikundi cha wakazi, komine ya Kenya*

Mtapata nusu ya trotwari, na nusu hiyo ni mwanzo mzuri. Hii ndiyo kazi tunayoipenda kuliko zote ukurasa huu, kwa sababu fedha zilezile zinaokoa mguu wa mtu na kulinda mtaro usijazwe takataka.

Subirini kiangazi, kati ya Mei na Septemba, mtaro ukiwa mkavu. Kwanza uzoeni wote mpaka muone sakafu yake; kufunika mtaro uliojaa matope ni kuzika shida ambayo mvua ya Novemba itaifukua. Kagueni kuta. Jiwe linalotikisika lijengwe upya, kwa sababu uzito wote utakaa juu ya kuta hizo. Kama kuna sehemu ambayo kuta zake ni udongo mtupu, msiweke slabu hapo mpaka mjenge.

Slabu moja iwe na urefu wa sentimita 90, ili ilale sentimita 15 juu ya kila ukuta, upana sentimita 50 na unene sentimita 10. Kwa mita 15 mnahitaji slabu 30. Changanyeni simenti 1, mchanga 2, kokoto 3, kwa ndoo na si kwa sepetu, maana sepetu ya mtu aliyechoka haijai kama ya asubuhi. Kokoto zisizidi milimita 20. Mfuko mmoja wa simenti, pamoja na mchanga lita 70, kokoto lita 105 na maji lita 25 hivi, unatoa slabu 3. Kwa hiyo mifuko 10. Nunueni 11, kwa sababu mmoja utaganda au utamwagika. Mchanga ukiwa umelowa, punguzeni maji. Zege linalotiririka kama uji ni rahisi kumwaga, lakini maji yaliyozidi yakikauka yanaacha vitundu ndani, na slabu inakuwa laini.

Nondo: kila slabu vipande 4 vya milimita 10, urefu sentimita 84, vikilala kuvuka mtaro, juu yake vipande 5 vya milimita 8, urefu sentimita 44, vilivyofungwa kwa waya. Nondo moja ya mita 12 inatoa vipande 14 vya urefu ule wa kwanza. Jumla ni nondo 9 za milimita 10 na 6 za milimita 8. Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo slabu nyingi za mji huu zilipokufa: vile vipande 4 vinakaa chini, sentimita 2.5 tu kutoka sakafu ya sanduku la mbao. Mtu akikanyaga, tumbo la slabu linavutika na mgongo wake unabanwa. Zege linavumilia kubanwa, halivumilii kuvutwa. Chuma ndicho kinachoshika tumbo. Fundi akiitupa nondo katikati au juu, mmelipia chuma kisichofanya kazi. Wekeni vijiwe bapa chini yake ili isizame mpaka chini kabisa, maana nondo inayogusa mbao itaota kutu. Na slabu ikipinduliwa wakati wa kuiweka, chuma kimekwenda juu: chorea mshale upande wa juu zege likiwa bichi.

Pakeni mbao mafuta machafu, mwagilieni slabu siku 7 chini ya magunia yaliyolowa, zisikanyagwe kabla ya siku 14. Siku 28 ni bora. Kila moja itakuwa na uzito wa kilo 110 hivi, kazi ya watu wanne, kwa hiyo zamisheni ndani yake ndoana mbili za nondo za kuinulia. Bila ndoana hakuna atakayeinua slabu kusafisha, na mtaro utajaa tena. Acheni ufa wa sentimita 1 kati ya slabu na slabu. Upande wa lami acheni tundu la sentimita 10 kwa 30 kila baada ya mita 5, vinginevyo maji ya barabara hayatapata pa kuingilia na yatakuja nyumbani kwenu.

Mahali gari linapoingia kwenye lango, slabu hizi hazifai. Hapo unene uwe sentimita 15, nondo za milimita 12, na fundi wa zege azipange.

Mlisema trotwari. Sentimita 90 ni nafasi ya mtu mmoja. Watu wawili wenye mizigo wapishane bila mmoja kushuka kwenye lami, mnahitaji mita 1.8, karibu na soko, mita 3. Kwa hiyo jazeni udongo na kuushindilia kati ya mtaro na kuta za parseli mpaka ulingane na slabu, na muelewane na mama wauzaji: meza zao zirudi ukutani kwa mstari mmoja, zisifukuzwe. Mtaa wenye wauzaji una macho mengi jioni, na msichana anayerudi peke yake anajua thamani ya macho hayo. Nguzo za kuzuia magari ziwe na nafasi ya mita 1.2 katikati. Zitazuia gari, pikipiki zitapita, na hatujui nguzo inayozuia pikipiki bila kumzuia pia msomaji wa barua ifuatayo.

Ninatumia baiskeli ya magurudumu matatu ya kusukuma kwa mikono. Trotwari mpya zimejengwa juu kama ngazi. Ninabaki barabarani na malori. Mafundi wanakosea wapi?
*Msomaji, Kampemba*

Wanakosea kwenye kona, ndugu yetu. Trotwari ya kimo cha sentimita 15 inahitaji mteremko wa urefu wa mita 1.8, yaani 1 kwa 12. Wao huweka sentimita 50 na kusema kazi imekwisha. Mteremko uwe na upana wa mita 1.2, uelekee moja kwa moja kwenye kivuko, na uishie sawa na lami: hata ukingo wa sentimita 3 hulisimamisha gurudumu dogo la mbele. Kama hakuna nafasi ya mita 1.8, trotwari nzima ishushwe pale kwenye kona. Ufa wa slabu usizidi sentimita 1.3, na vyuma vya kufunika mashimo ya maji vilale kukata mwendo. Vikilala kufuata mwendo, tairi linazama katikati yake, lako na la mwenye kinga.

Ukitaka komine waelewe haraka, waombe fundi na mkubwa wa kazi wasukume baiskeli yako mita 100 kabla ya kupokea kazi. Hakuna ripoti itakayowaambia zaidi.

Ba yaya, sisi tunaoleta makala (makaa) mjini kwa kinga madereva wanatupigia honi tutoke. Tutoke twende wapi? Pembeni ni mashimo na mchanga. Barabara yetu itakuwa na upana gani mkipewa nyinyi kuipanga?
*Mwendesha kinga, komine ya Annexe*

Mita 2.5 kila upande, ikitenganishwa na magari kwa ukingo wa zege au mstari wa miti. Vitabu vya ng'ambo huandika mita 1.5 kwa baiskeli moja, lakini vinamfikiria mtu mwenye begi mgongoni. Kinga yako yenye magunia ina upana wa mita moja na zaidi, uzito unaoweza kupita kilo 150, na inayumba unapoisukuma. Wa nyuma asiye na mzigo lazima apate pa kukupita. Uso wake uwe mgumu. Changarawe iliyolegea inameza tairi lenye mzigo, na mtu analazimika kurudi kwenye lami hata kama njia yake ipo. Tumeona njia za pembeni zikiitwa za baiskeli zikiwa ni mchanga mtupu. Hizo hazistahili jina hilo.

Mpaka zijengwe, kuna mambo machache. Usiendeshe kwenye ukingo kabisa wa lami, kwa sababu ukingo umeliwa na gurudumu likishuka huwezi kulipandisha. Kaa sentimita 70 hadi 100 ndani. Wengi hutundika kioo chekundu cha kuakisi kwenye kiti au madigadi ya nyuma, kisha magunia yanakifunika. Kifunge kwenye gunia lenyewe, pale lilipotokeza zaidi, kimoja kushoto na kimoja kulia, ili dereva wa alfajiri aone upana wako wote.

Na ujue dereva ameketi wapi. Nchi yetu inaendesha kulia, lakini magari mengi ya mji huu yana usukani kulia, pamoja na malori yanayotoka Zambia na Tanzania. Dereva huyo anakuona vizuri ukiwa pembeni yake upande wa kulia. Asichokiona ni kinachokuja mbele anapotaka kukupita, kwa hiyo akishtuka atarudi ghafla upande wako. Basi dogo la namna hiyo likiwa bado na mlango wake upande wa kushoto, abiria wanashukia katikati ya barabara. Ukilipita lililosimama, tarajia mtu mbele yake na nyuma yake.

Miti ya kando ya avenyu inapasua trotwari. Tuikate?
*Msomaji, komine ya Lubumbashi*

Msiikate. Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, jua la hapa linamchosha mtembeaji kuliko umbali wenyewe. Mizizi hupasua zege kwa sababu inakuja juu kutafuta maji na hewa chini ya sakafu iliyozibwa. Fungueni mraba wa mita 1.2 kwa 1.2 kuzunguka shina, mjaze kokoto, na pale palipopasuka ondoeni zege mweke matofali ya kupanga juu ya mchanga, yanayoweza kuinuliwa na kurudishwa. Kwa miti mipya, acheni mita 7 au 8 kati ya mti na mti, na msipande mfikasi (ficus) karibu na mtaro.

Tuko watu 40 tumenunua shamba nje ya mji ili tugawane parseli. Mpimaji ametuchorea mistari mirefu ya parseli 20 kwa 25, barabara za mita 20. Tunataka watoto waende masomo kwa miguu. Tubadilishe nini kabla hatujaweka mipaka?
*Katibu wa kikundi, Annexe*

Mmeuliza kwa wakati, maana ukuta ukishajengwa hakuna mchoro utakaousogeza. Angalieni urefu wa mistari hiyo. Parseli 10 zikipangwa mfululizo, na nyingine 10 zimezipa mgongo, ni fungu la mita 200 kwa 50. Mtu wa katikati anayetaka kufika nyumba iliyo nyuma yake kabisa atatembea mita 100 hadi kona, 50 kuvuka, na 100 kurudi: mita 250. Kateni kichochoro cha mita 4 katikati ya fungu, atatembea 50. Gharama yake ni mita za mraba 200 kwa parseli 20, yaani kila parseli inapoteza mita 10 za mraba na uso wake unatoka mita 20 hadi 19.6. Hakuna atakayeona tofauti hiyo nyumbani kwake, na kila mtoto ataiona njiani.

Kichochoro kiwe kimenyooka, mtu aone mwisho wake kabla ya kuingia. Kuta za pande zote mbili zisizidi mita 1.2 kwa kimo, au juu ya hapo ziwe za matundu. Kichochoro chenye kuta ndefu na kona kitakuwa choo mchana na hatari usiku. Kiwe na mfereji mdogo katikati wa kupeleka maji barabarani.

Barabara ya mita 20 inatosha sana mkiigawa tangu sasa: magari mita 6 katikati, kila upande mita 1.5 za miti na mtaro, mita 2.5 za kinga, mita 3 za miguu. Jumla ni 20 kamili. Msipoigawa, mwenye parseli wa kwanza atamwaga mchanga wake kwenye ukanda wa miguu, wa pili atajenga kibanda, na hakuna atakayejua mpaka ulikuwa wapi. Barabara ndogo za ndani hazihitaji mita 20; 10 zinatosha, na upana mdogo wenyewe unampunguza dereva. Kona ziwe kali, duara la mita 3 au 4. Wapimaji hupenda kona pana ambazo gari linazikata bila kupunguza mwendo, na hapo ndipo mtoto anaposimama akingoja kuvuka.

Shule, bomba la maji na duka la unga viwekwe ndani ya mchoro leo. Nyumba ya mbali zaidi isizidi mita 400 kutoka bombani, kama dakika 5 kwa miguu, na mita 800 kutoka shuleni. Kwa kinga, dakika 20 zinafika kilometa 5, kwa hiyo angalieni pia kama njia kuu ya kinga inatoka kwenye mtaa wenu kuelekea mjini bila kulazimika kupita kwenye barabara ya malori.

Mwambieni mpimaji apige mawe ya mipaka ya vichochoro siku moja na ya parseli, na vichochoro viandikwe kwenye mchoro unaopelekwa kwenye ofisi ya ardhi kama njia ya wote. Kichochoro kilicho kwenye mchoro wa kikundi tu, jirani wawili watakigawana kimyakimya kabla ya mvua ya pili.